Hendeli ya Gari la Marehemu Baba

Mwaka wa 1947, nikiwa kijana wa miaka ishirini, ndipo dhiki ilipoingia nyumbani kwetu Bagamoyo, maana baba alifariki. Alituachia mama, wadogo zangu, shamba la minazi na pikapu iliyooza uani, kuku wakitaga kwenye kiti cha dereva. Siku ya kuondoa tanga naikumbuka mpaka leo, mwanangu, na hasira yake haijaniisha. Wala sitaki iniishe.

Siku hiyo mtani wetu Bi Kalunde, bibi wa Kinyamwezi mwenye mdomo wake, aliichomoa hendeli ya gari lile, kile chuma cha kuzungushia injini iwake, akaanza kucheza nacho katikati ya waombolezaji.

"Wazaramo wajinga ninyi! Mmemzika mtu mzuri, mmesahau kuzika gari! Basi nalirithi mimi!"

Watu wakacheka. Hata mama alicheka, mara ya kwanza tangu msiba. Ndiyo kazi ya mtani hiyo: anakamata kitu cha marehemu, wafiwa wanakikomboa kwa kuku, mambo yanaisha.

Baba mdogo, mdogo wake marehemu, ndiye aliyetoa jogoo akapokea hendeli. Nikamshukuru. Kumbe ana lake moyoni. Nilipoifuata kwake, aliniambia bila haya, "Nimekomboa hendeli, nimekomboa gari. Ndiyo mila. Nitaliuza chuma chakavu."

Kwa jogoo mmoja! Tena jogoo mwenyewe alimkamata jikoni kwa mama!

Sikubishana naye. Shule sikwenda, nilisoma juzuu chache tu za Kurani chuoni, lakini nilikuwa nimefanya kazi ya utingo kwenye lori la mkonge kule Ubena, na macho nilikuwa nayo. Nikaanza kulitengeneza gari palepale uani. Kutu niliisugua kwa mchanga na makumbi ya nazi. Tangi la petroli tulilitia maji na kokoto, mimi na mama tukalitikisa mpaka uchafu ukaisha. Injini niliifungua nikaisafisha, petroli na betri nikaazima. Nyuma niliweka mbao za mvule. Mipira ya ndani ya matairi ilikuwa imekufa, nikashindilia makumbi yaleyale. Wapita njia walinicheka. Mama hakucheka, nazi zilikuwa zinaota shambani kwa kukosa wa kuzibeba, nasi tunashindia mihogo mitupu.

Asubuhi ya kuliwasha, baba mdogo akaja ameishika hendeli kama bakora, nyuma yake mnunuzi wa vyuma.

"Haya, mwanangu, umelisafisha vizuri. Ahsante."

"Baba, naomba hendeli."

"Mila ni mila."

Bi Kalunde alikuwa kibarazani na mama, anakunywa uji. Akaweka bakuli chini.

"Mila ipi, Mzaramo wewe? Mtani ni mimi au wewe? Mimi niliichukua ili wafiwa wacheke, wewe umeichukua ili walie! Kaa na chuma chako, ukorogee uji!"

Akajifunga kanga kiunoni, akaita majirani. Walewale walionicheka wakalisukuma gari kwenye mteremko wa kwenda pwani. Nikatia gia, nikaachia klachi. Likakohoa, likatema moshi mweusi, likanguruma. Mama akapiga vigelegele. Mnunuzi akamgeukia baba mdogo: "Mzee, hiki si chuma chakavu. Hili gari la watu." Akaenda zake.

Sasa nisikilize, mwanangu, usije ukasema sikukwambia. Mkubwa wako mheshimu. Mimi baba mdogo nilimwamkia shikamoo mpaka alipoingia kaburini. Lakini mkubwa akishika mila mkononi ili awanyang'anye yatima, usimwachie, na usimfuate kwake faraghani kama nilivyomfuata mimi. Msemeshe mbele za watu, mchana kweupe. Mila ziliwekwa ili mfiwa apate nafuu, hazikuwekwa ili ashindie mihogo. Na kazi yako usiisimamishe kungoja mnyang'anyi akuonee huruma. Anza na kilichobaki uani.

Mungu akupe mikono isiyochoka, akupe na majirani wa kukusukuma kwenye mteremko. Amin.

Leo nina nyumba ya mawe yenye paa la bati. Nina minazi ileile ya baba. Nina lori, hulala Chalinze. Nina gari lile uani, na bado linawaka. Hendeli sina.