Daktari Aliyekataa Kuniuliza Mimi

Mke wangu alipozidiwa na kikohozi, nilimpigia daktari wa mjini kwa simu ya video kutoka nyumbani Bwejuu.

"Shikamoo, mzee. Mgonjwa yuko wapi?"

"Marahaba. Yuko nyuma ya pazia. Niulize mimi, mumewe."

"Samahani, kanuni hainiruhusu kuandika dawa kabla sijazungumza naye mwenyewe."

Nikamkatia simu kwa hasira. Mke wangu akatoka, akaninyang'anya simu.

"Kwani bwana, kifua hiki chako?"

Akapiga tena, akamweleza kuwa anatema damu. Mimi sikuwa nikijua. Daktari akamtaka aende hospitali siku ileile, na huko akatibiwa akapona.

Wenzangu barazani husema daktari alinivunjia heshima. Semeni mtakavyo! Nilikosa mimi, na kanuni ile nitaitetea mpaka mnichoke.