Kalamu Nyekundu ya Mama Vipimo

Kwenye zahanati ya wanyama wanamwita Mama Vipimo, na jina limemkaa. Miaka ishirini na mbili amekuwa msaidizi wa madaktari, na hajawahi kuandika namba bila kuandika pia saa iliyopimwa. Dawa huiandika kwa kalamu nyekundu, palepale kando ya vipimo, ingawa fomu inataka iandikwe nyuma. Madaktari wapya humcheka. Wacheke tu, meno ni yao.

Asubuhi hiyo moyo wa mbwa wa fundi cherehani, jike mzee mwenye sikio moja, ulisimama katikati ya upasuaji. Fundi alikuwa nje kwenye benchi, kamba ya mbwa mapajani. Tangu mkewe afariki, hana mwingine wa kuamka naye.

Daktari kijana alikandamiza kifua cha mbwa, jasho likimtiririka. Mama Vipimo aliminya mfuko wa hewa kwa mkono wa kushoto, akaandika kwa wa kulia. Mashine ilipima hewa chafu inayotoka mapafuni, maana hiyo ndiyo inayoonyesha damu inazunguka kiasi gani. Kumi na nane. Wakamchoma adrenalini, dawa ya kuamsha moyo. Dakika moja baadaye, kumi na moja.

"Anaondoka huyu," daktari alisema, mikono ikilegea. "Tumwache, mama."

"Usiache, mwanangu! Tazama hapa." Akamsogezea karatasi yenye wino mwekundu. "Imeshuka baada ya sindano. Adrenalini inabana mishipa, damu ya mapafuni inapungua kwa muda. Hapo inaongea dawa. Mbwa bado yupo."

"Una uhakika?"

"Wewe kandamiza!"

Kumi na mbili. Kumi na tano. Mama Vipimo alisahau kupumua mwenyewe. Ghafla namba ikaruka hadi thelathini na nane. Akatupa kalamu, akagusa paja la mbwa. Mshipa ulikuwa unagonga.

Fundi alipoitwa, aliinama akalaza paji la uso kwenye shingo ya mbwa wake. Mama Vipimo akajifanya anapanga chupa kabatini, kwa kuwa machozi hayana adabu.

"Ulijuaje?" daktari alimuuliza baadaye.

Akafungua droo, akatoa kadi iliyochakaa: paka wa mwalimu mmoja, zamani. Namba zilikuwa mbele, zikishuka. Dawa ilikuwa nyuma.

"Tulisoma upande mmoja tu," alisema. "Na mimi ndiye niliyesema inatosha, tumwache."