Mistari ya Chaki Nyuma ya Mlango

Mke wa fundi saa hupima unga wa dawa kwa kijiko kilekile, akausawazisha kwa mgongo wa kisu, kisha akaukoroga kwenye glasi ya maji bila haraka. Ni dawa ya jamii ya sukari ambayo mwili hauifyonzi. Huvuta maji tumboni na kumpeleka mumewe chooni, na hapo ndipo hutoka sumu ambayo ini lake bovu limeshindwa kuichuja isimpande kichwani. Kila akienda, mkewe huchora mstari wa chaki nyuma ya mlango. Ikifika miwili au mitatu kwa siku, roho yake hutulia. Ikizidi, hupunguza dawa kama daktari alivyomwagiza, maana kuharisha sana humkausha mgonjwa.

Juzi kaka wa mumewe alikuja, akaiona ile mistari, akakunja uso. “Shemeji, unamharisha ndugu yangu, tena unamwandikia mlangoni? Watu watatuonaje?” Akalichukua kopo la dawa, akalitia kwapani.

Mwanamke hakupaza sauti. Alisimama mlangoni, mikono yake yenye harufu ya sabuni ameifunga kifuani. “Siku mbili alizoikosa dawa hii alinisahau jina, akawa anavaa viatu mikononi. Wewe hukuwepo. Aibu nimeshaizoea, shemeji. Ujane sitaki kuujaribu. Weka kopo mezani.”

Shemeji alizidi kulibana kopo kwapani. Ndipo sauti ya mgonjwa ikatoka kitandani, nyembamba lakini safi: “Kaka, mpishe mke wangu. Dawa yangu inachelewa.”