Kikapu Ambacho Shangazi Hakukifumua

Shangazi yangu alikuwa na namna moja tu ya kufundisha ususi: kufumua. Unamaliza kitako cha kikapu, unampelekea huku unajisifu moyoni. Anakipapasa, anatafuta ncha ya uzi, anavuta. Kazi ya siku nzima inaishia mapajani mwake. "Anza tena, mwanangu." Mimi nilianza mara saba. Nililia, ndiyo, lakini nikajua.

Kwa hiyo nilipopewa darasa la ufundi hapa Same, nilimwomba ateremke kutoka kijijini Mamba, kule milimani, kila Alhamisi awafundishe mabinti kusuka vikapu vya katani. Akaja na nyuzi alizozisokota mwenyewe. Na akafumua! Mabinti wakanuna. "Mwalimu, bibi anatupotezea muda." Badala ya kuwakemea, nikawasikiliza. Maonyesho ya kazi za wanafunzi yalikuwa yanakaribia na meza yetu ilikuwa tupu.

Nikamrekodi kwa simu, mikono tu. Video nikaitupia kwenye kundi la darasa. Jamani, video haichoki, hainuni, na haimfumulii mtu. Kisha nikampigia shangazi: "Pumzika kwanza, wanafunzi wako kwenye mitihani." Mitihani gani? Haikuwepo. Wiki tatu niliurudia uongo ule, bila haya, kwa mtu aliyenilea.

Alhamisi ya nne akatokea mlangoni, katoka hospitali kupima macho, fungu la nyuzi kwapani. "Nimepita kuwasalimu tu." Darasa zima likamwamkia shikamoo. Simu zilikuwa wazi kwenye madawati, na kwenye kila kioo mikono yake inasuka. Akatazama. Habari ya mitihani hakuniuliza. Heri angeniuliza, hata mbele yao.

Vikapu vya maonyesho vilikuwa vimepangwa mezani, midomo imepinda. Akachukua kimoja, akakigeuza, vidole vikaenda vyenyewe kwenye ncha ya uzi. Nikaomba moyoni: vuta, shangazi. Fumua vyote.

Akakirudisha taratibu.

"Siwezi kufumua kazi ya mwanafunzi asiye wangu," alisema. Akaniachia zile nyuzi, akatoka kuwahi gari la Mamba.

Mpaka leo sijampigia. Natafuta namba yake, naitazama, naweka simu chini. Nianzie wapi? Nimwambie mitihani imekwisha?