Mkoba wa Mwalimu wa Seli

Mwalimu wa baiolojia ya seli hutembea kama zile protini anazozifundisha, zinazobeba mizigo ya seli zikipita juu ya nyuzi: mguu mmoja haunyanyuki mpaka wa pili umeikamata sakafu. Mkoba wake wa ngozi haumtoki mkononi. Akila anaubana mapajani, na chaki ikimdondoka anaomba aokotewe. Ndani mna lenzi ya darubini mpya ya chuo, ambayo wanafunzi wanaijua kwa picha tu, na mtihani wa darubini ni Ijumaa. "Mtaivunja, wanangu," huwaambia kwa upole, kama anayemnyima mtoto kisu.

Siku ya somo la usafirishaji alitandaza kamba sakafuni. Yeye akawa protini, mkoba ukawa kifuko cha mzigo, na binti wa mstari wa mbele akawa kimeng'enya. "Nikifika mwisho wa kamba, nigonge bega," akamwelekeza. "Kimeng'enya kikiigusa protini, inaachia mzigo. Isipoachia, njia inaziba na seli inakufa." Akatembea vizuri mno, hadi binti akasahau kinyongo chake cha kunyimwa lenzi. Mwisho wa kamba, binti akamgonga bega. Vidole havikufunguka. Akagonga tena, safari hii kwa nguvu kidogo, akaona mishipa ya mkono ule inatutumka. Mwalimu naye aliutazama kama mkono wa mtu mwingine, kisha akamgeukia binti kwa huruma.

"Kaa, mama. Kimeng'enya hiki kibovu. Aje mwingine."

Darasa zima likasimama kwenda kumgonga bega.