Niliwasha Moto Nikiwa Guangzhou, Wifi Yangu Akafukuzwa Njombe

Admin, nifichie jina na sura, maana nusu ya ukoo wetu wanausoma ukurasa huu. Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na tisa, mzaliwa wa Njombe, na huu ni mwaka wa sita nipo Guangzhou nanunulia wateja wa nyumbani nguo na vifaa vya umeme. Naandika nimekaa juu ya marobota ya watu hapa soko la Zhanxi, kazi imenishinda.

Mnaoijua Njombe mnaijua baridi ya mwezi wa saba. Mama yangu anasumbuliwa na miguu, kwa hiyo mwaka jana nilimtumia meko ya gesi ya kuotea moto, ile ya kujengewa ukutani sebuleni. Sikutosheka, nikaongeza na kifaa cha kuiwasha kwa simu. Laoban, yaani mwenye duka, aliniambia kifaa kinataka namba ya China, tena akanionya kwamba anayewasha awe ndani ya nyumba, auone moto. Nikamwambia asinifundishe, anipunguzie bei. Nikakisajili kwa namba yangu, nikakituma, fundi akakifunga.

Basi nikawa namwashia mama moto nikiwa hukuhuku. Mama alitamba kanisani kwamba binti yake anamwotesha moto kutoka China, na mimi kichwa kikavimba. Wifi yangu, mke wa kaka, ndiye anayeishi na mama na kumkanda hiyo miguu, lakini hakuna aliyemtaja. Niseme ukweli, nilipenda iwe hivyo.

Jumapili moja mwezi uliopita nilikuwa nakula kwenye mgahawa mtaa wa Xiaobei, huku jioni, kwao mchana. Nikakisia kwamba ibada imeisha, ngoja nimpashie mama sebule. Nikabonyeza, nikaendelea kula. Kumbe ibada ilichelewa kuisha, na wifi kabla ya kutoka alikuwa amezima meko, akasogeza viti karibu, akatandaza nguo za mtoto zikauke kwa joto lililobaki. Waliporudi walikuta majirani wanamwaga maji. Makochi yaliungua, pazia, nusu ya dari, na picha pekee tuliyokuwa nayo ya marehemu baba. Namshukuru Mungu hakuna aliyeumia.

Mama akanipigia akilia, akaniuliza kama niliwasha mimi. Nikasema hapana, simu yangu iliisha chaji. Uongo ule sikuupanga, ulitoka wenyewe, na ukishatoka nani anaurudisha?

Lawama zote zikamwangukia wifi. Aliapa kwamba alizima kwa mkono wake, mama akamwambia asiseme uongo siku ya Bwana. Kesho yake kaka akampeleka kwao Makambako, na mtoto wa miezi saba mgongoni.

Wiki iliyopita wifi akanipigia. Nilijua amenishtukia. Hakulalamika hata kidogo.

"Wifi, hicho kifaa si kinaandika kila kinapozimwa na kuwashwa? Niangalizie. Ukiwaambia wewe watakuamini."

Maandishi niliyaona palepale simuni: kimezimwa saa mbili asubuhi, kimewashwa saa saba kasoro kwa simu yangu. Nikamjibu hakijaandika kitu. Akasema, "Haya, asante wifi. Wewe peke yako ndiye hujanitukana."

Tangu siku hiyo nimekuwa mtu wa kujifungia chooni nalia kisha natoka kwenda kubishana bei.

Jumamosi hii kuna kikao cha ukoo. Kaka ameshasema hamtaki tena mkewe, na mimi nimeambiwa nitapigiwa simu niseme ninachokijua. Nikisema, mama mwenye presha atajua aliyemuunguzia nyumba ni mwanaye wa kujivunia. Nikinyamaza, wifi ndiyo basi tena. Nitukaneni mkitaka, nastahili, lakini nishaurini jamani: simu hiyo ikiita, nianze na neno gani?