Pete Niliyoipima kwa Uzi

Mwezi uliopita nilishuka hadi ziwani, Kyavinyonge, kumzika shangazi yangu, na huko nikakiona tena kile chuma cha mashua yetu. Mama mmoja alikuwa amekilaza juu ya mawe mawili, anakaushia samaki. Kilijaa masizi, lakini nilikijua palepale, kwa sababu katikati ni chembamba na kwenye ncha ni kinene. Nilimsalimia, nikanunua samaki wawili ambao sikuwa na haja nao, kisha nikaenda nyuma ya ukuta wa parokia, nikalia. Watu walidhani namlilia shangazi. Niliwaacha wadhani hivyo.

Wewe hukuiona mashua ya baba yangu, basi nikueleze. Ilikuwa ndogo, ya mbao, imeachwa na Mgiriki mmoja mnunuzi wa samaki aliyeondoka kabla sijazaliwa. Kijiji kilikuwa na mitumbwi ya makasia na mashua chache za mota, lakini yenye tanga ilikuwa yetu peke yake. Tanga lenyewe alilishona Mama, kwa turubai la bluu. Nyuma ya mashua, kutoka ubavu huu hadi ubavu ule, kilikingama chuma cha mviringo, kinene kama kidole gumba cha Baba, na juu ya chuma hicho ilitembea pete. Kamba ya tanga ilifungwa kwenye pete. Upepo ukigeuka, pete inakimbia upande wa pili, krrrr, na tanga linafuata. Mama akisikia ule mlio kutoka ufukoni, alijua Baba anaingia, akasonga bugali.

Mimi nilisoma Butembo, kwa Bibi, kule Bulengera kwenye baridi na viazi vya Alimbongo kila jioni. Likizo kubwa ikifika nashuka ziwani. Loo, jinsi nilivyolipenda lile joto! Harufu ya samaki wa chumvi ilikukamata kabla hujaona nyumba ya kwanza, na asubuhi unakuta viboko wamelala chini ya dirisha kama ng'ombe wa jirani. Kazi yangu ilikuwa kuparua magamba na kugeuza samaki juani, na mikono ilinuka hadi shule ikafunguliwa. Mwaka ninaousema nilikuwa na miaka kumi na mmoja, na Mama alikuwa na mimba. Baada yangu alikuwa amekaa miaka kumi bila mtoto. Wanawake walishaanza kumwita mama wa mmoja. Kwa hiyo tumbo lile tulilitunza sisi sote. Hata Baba alichota maji, akachekwa na wenzake, na hakujali.

Pete ilikuwa imelika. Miaka yote ile chuma kilikula pete, na pete ikala chuma, mpaka ikabaki nyembamba, inachezacheza. Desturi yetu, ukitaka kifaa kipya unampelekea fundi kile cha zamani, naye anakitazama na kukiiga. Lakini pete ikitolewa mashua haitembei, na Baba hakutaka kumwacha Mama. Hapo ndipo nilipojitia ujuzi. Mwalimu wetu alikuwa ametufundisha kupima unene wa mti kwa uzi: unazungusha, unafunga fundo, basi. Nikazungusha uzi kwenye chuma, pale pete ilipokuwa imesimama, nikafunga fundo. Baba akacheka kwa furaha. "Ona mutoto wangu, iko injeniere!" Nikapanda lori la samaki hadi Butembo, nimeuvaa ule uzi shingoni kama medali.

Soudeur, fundi wa kuchomelea vyuma karibu na soko, alikuwa mzee mpole mwenye jicho moja jekundu. Alivuta uzi, akauangalia.

"Ulipima wapi?"

"Katikati, Papa."

"Donc nafanya serré? Isicheze?"

"Ndiyo. Ile ya zamani inacheza sana."

Akatengeneza pete nzuri, ya vipande viwili vinavyofungwa kwa bolti mbili, kwa kuwa miguu iliyoshikilia chuma chetu kwenye mashua ilishaliwa na kutu na haikufunguka, pete nzima isingeingia. Ilikuwa nzito, inang'aa. Bibi aliifunga kwenye kitambaa chake cha misa.

Nilirudi ziwani jioni. Usiku huohuo risasi zililia upande wa mbuga, na kulipokucha tukaambiwa barabara imefungwa. Petroli ilikuwa imekosekana wiki nzima, na mashua za mota zimelala mchangani. Na Mama alikuwa ameshikwa na uchungu.

Mkunga alitoka chumbani akijifuta mikono. Alisema mtoto amelala kingamo, hatazaliwa hapa, apelekwe Kasindi-Port, huko gari litamfikisha hospitali. "Mufanye mbio," alisema. "Miye siwezi kitu tena."

Baba alisimama ndani ya mashua, pete ya zamani kwenye chuma, mpya mkononi. Alizitazama zote mbili. Ya zamani ilikuwa imebaki kama jani, upepo mmoja tu ungeikata. Lakini mpya hakuwa ameijaribu. Wanaume walikuwa wameshamleta Mama juu ya godoro. Nami, Mungu anisamehe, nikasema kwa sauti kubwa, watu wote wasikie: "Weka mupya, Papa. Nilipima miye mwenyewe."

Aliikata ya zamani, akaifunga mpya katikati. Akaisukuma kidogo kushoto, kidogo kulia, ikateleza vizuri kabisa. Tukaondoka.

Saa mbili za kwanza upepo ulitusukuma taratibu. Mama aliuma kanga yake, mkunga akimshika mgongo, mimi nikichota maji ya chini kwa bakuli. Kisha upepo ukapata nguvu, tanga likavuta, na pete ikasukumwa hadi mwisho wa chuma, upande wa kulia. Kule chuma hakikuwa kimeliwa. Kilikuwa kinene kama siku ya kwanza. Pete yangu ya kukaza ikapanda juu ya unene ule na kuuma.

Hatukujua mpaka upepo ulipogeuka. Baba alivuta kamba, pete haikutoka. Tanga likabaki upande mbaya, mashua ikainama, maji yakaingia hadi kwenye godoro la Mama. Spana ya kufungulia bolti ilikuwa imebaki ufukoni, basi Baba aligonga pete kwa jiwe la nanga. Aligonga, aligonga, akipiga vidole vyake mwenyewe, huku akisema, "Toka! Toka, nakulomba, toka!" Sijawahi kusikia mtu akiomba chuma vile. Mwishowe alichukua panga akakata kamba. Tanga la Mama likapasuka likaenda zake juu ya maji. Tukabaki na makasia mawili, Baba na mkunga, na mikono yangu, maana nilipiga maji kwa mikono. Kanga ilimtoka Mama mdomoni, ikaelea kwenye maji ya chini.

Tulifika jua limeshainama. Gari lilipatikana, hospitali ikampokea, naye Mama akapona. Mtoto alikuwa mvulana. Daktari alimwambia Baba pembeni, akidhani mimi sielewi Kifaransa, kwamba tungefika saa sita mchana, sasa tungekuwa watoto wawili, mimi na yule mdogo wangu.

Siku tuliyorudi nyumbani, Baba alikaa nyuma ya mashua na tupa. Akafungua zile bolti, akasugua tundu la pete kwa ndani, akaipitisha hadi mwisho wa kulia, akasugua tena, akaipitisha hadi mwisho wa kushoto. Ikapita. Kazi yote hiyo haikumaliza muda wa kuiva kwa maharage. Nilikuwa nimesimama ufukoni, nikaona, nikaelewa. Aliinua macho akaniona nimeelewa. Hakunipiga, hakunitukana. Watu walipokuja kutoa pole, aliwaambia wote ni upepo. Hata Mama, Baba alimwambia hivyohivyo, mbele yangu.

Alisema hivyo mpaka alipokufa. Baadaye vita viliwafukuza wengi, mashua ikapasuliwa kuni, na leo watoto wa kule ukiwauliza tanga wanakushangaa. Aliyebaki kujua ni mimi. Mama yuko kwangu hapa Bulengera, macho yamemfifia. Upepo ukipiga mabati mchana, anaacha kuchambua sombe, majani ya muhogo, anainua kichwa.

"Ule mupepo," anasema, "njo ulibebaka mutoto wangu."

"Ndiyo, Mama," namjibu. "Ni mupepo."